Siku Walipokimbia Volkano Kando ya Katoro

Siku yangu ya mwisho ofisini walinidai nyundo, dira, kofia ngumu na ufunguo wa stoo ya sampuli. Nikarudisha vyote, nikasaini. Woga hawakunidai, nikaondoka nao. Ninyi mnaoanza kazi ya jiolojia huku kwetu mmeniomba niwaandikie ninayoyakumbuka. Habari za vyeo vyangu zimo kwenye faili, na mshahara ulikwisha kabla haujawa na hadithi. Nitawaandikia juu ya woga, maana ndio niliofanya kazi pamoja nao miaka mingi kuliko mtu yeyote.

Watu wananiita Mama Kulwa. Nilipoajiriwa, mapacha wangu Kulwa na Doto nilikuwa nimewaacha Ushetu kwa mama yangu, katikati ya mashamba ya tumbaku, nami nikapanga chumba Geita. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Bwana Shayo, Mchaga mrefu asiyejua haraka. Siku ya kwanza hakunionyesha meza yangu. Alinipeleka kwenye banda la sampuli, palipolazwa kwenye trei ndefu vipande vya miamba vilivyochorongwa kutoka ardhini, vya mviringo kama mihogo iliyomenywa. Akakimwagia kimoja maji, kikang'aa kijani kibichi cha kukolea, akanipa lenzi.

"Unaona nini?"

"Jiwe."

"Hilo hata mlinzi wa getini ameliona. Angalia tena."

Nikaona mikunjo, duara juu ya duara, kama mito ya kulalia iliyopangwa kabatini. Bwana Shayo akaniambia ile ni lava. Ilitoka chini ya bahari zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, ikakutana na maji baridi, ikajikunja vile.

"Bahari gani, Geita?" nikauliza.

"Geita ilikuwa bado. Hata samaki walikuwa bado. Dhahabu yote unayoisikia hapa imelala ndani ya volkano zilizokufa."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa msomi, nina cheti, lakini kusoma kwenye kitabu ni kitu kimoja, na kupanga chumba juu ya volkano ni kingine. Kesho yake, wakati wa chakula, nikamuuliza kama zinaweza kurudi. Tulikuwa tunakula wali na maharage kwa mama ntilie nyuma ya ofisi, naye akalijibu swali langu kwa sahani iliyokuwa mbele yetu.

"Ganda la dunia si kipande kimoja," akasema. "Limegawanyika mabamba, nayo yanasogea polepole kama kucha inavyoota. Bamba la chini ya bahari likigongana na jingine, kwa kuwa ni zito, linazama chini ya lenzake. Linazama na maji. Sasa niambie, mama yako akitaka maharage yaive upesi anatia nini?"

"Magadi."

"Basi maji ndiyo magadi ya mwamba. Mwamba wa moto ukipata maji unayeyuka upesi. Uji wake ni mwepesi kuliko mwamba unaouzunguka, kwa hiyo unapanda. Ukitokeza juu, umepata volkano."

"Na huku kwetu, pasipo na bahari?"

"Huku mabamba yanaachana. Ndilo Bonde la Ufa. Ganda likivutwa huku na huku linakuwa jembamba. Mwamba wa chini ni wa moto siku zote, lakini umebanwa na uzito wa ulio juu, ndiyo maana hauyeyuki. Punguza ule mbano, unayeyuka wenyewe, bila kuongezewa moto hata kidogo."

Halafu akanipa habari njema. Chini ya Geita, Shinyanga na Tabora kuna jiwe kuukuu la bara, nene na baridi. Ufa haukuweza kulipasua. Ukapita pembeni yake: tawi moja mashariki, kwenye Ol Doinyo Lengai, na jingine magharibi, kwenye Ziwa Tanganyika na milima ya moto ya Kongo. Sisi tuko katikati, kama kokwa ndani ya tunda. Nikashusha pumzi. Lakini Bwana Shayo hakuwa mtu wa kukuacha na faraja mpaka umalize kula.

"Hata kokwa limewahi kutobolewa," akasema. "Almasi za Shinyanga zililetwa na volkano iliyotoka kina kirefu sana, ikapenya kwenye nyufa nyembamba. Zamani mno, ndiyo. Lakini usije ukamwambia mtu kwamba haiwezekani kabisa. Sema haielekei."

Miaka michache baadaye alinichukua kwenda kujifunza Ol Doinyo Lengai. Kule nilikuta lava ambayo haifanani na ya picha za vitabuni. Ilitiririka nyeusi kama oili chafu ya gari, na iliyotoka juzi yake ilikuwa imekwisha kupauka kama majivu. Nilipofika karibu na ukingo wa kreta, miguu ilikataa. Nikakaa chini, nikawa najiburuta kwa makalio, mimi mtaalamu wa serikali. Bwana Shayo hakucheka.

"Kaa tu," akasema. "Aliyekaa haanguki mbali."

Kule nilijifunza kwa mwili yale niliyoyajua kwa kichwa. Joto linapita kwenye soli ya buti. Harufu inakukaba kooni kabla hujaona kitu. Ardhi inatikisika kidogo, inatulia, inatikisika tena. Mlima wa moto una kelele nyingi kabla ya kufanya jambo. Nilishuka na viganja vilivyochubuka na maarifa ambayo sikutegemea kuyahitaji nyumbani.

Bwana Shayo alistaafu, akarudi kwao Moshi kwenye migomba. Mimi nikahamishiwa kwenye ukaguzi wa wachimbaji wadogo. Msiofika huko bado, jueni kwamba shimo lao la kushukia linaitwa duara. Ni kisima kisicho na maji, kimezungushiwa magogo wanayoyaita matimba ili kuta zisianguke, na juu yake kuna winchi ya gogo inayozungushwa kwa mikono. Mtu anakalia kijiti kilichofungwa kwenye kamba, anateremshwa gizani. Nimeteremka mara nyingi. Kila mara niliomba dua yangu kwa ukamilifu, na kila mara niliona wale wanaozungusha winchi wakizungumza habari za mpira.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa katikati ya asubuhi ya baridi, mvua imekatika. Mimi na dereva wangu Hamisi, mtu wa makamo kutoka Tanga, tulikuwa kwenye karasha moja nje ya Katoro, mahali wanaposagia mawe, nikikagua wanavyotunza zebaki. Ardhi ilianza kunguruma chini ya miguu yangu. Nilidhani ni karasha. Mwenye karasha akaizima, na mngurumo ukaendelea.

Mabati yakagongana. Maji kwenye pipa yakaruka upande mmoja kama yamepigwa kofi. Ukuta wa matofali mbele yangu ulipata ufa kutoka chini hadi juu huku nikiutazama, taratibu, kama mtu anayechana kitambaa. Nikajikuta nimekwisha kuwa katikati ya uwanja, na sikumbuki kukimbia. Kisha ikatulia. Kuku walikuwa kimya. Mtoto mmoja akaanza kulia mbali, na kilio chake ndicho kilichoturudishia masikio.

Haukupita muda tukasikia pikipiki. Zilikuwa zikija kutoka upande wa maduara ya Ihumbu, kila moja na watu watatu, wengine wamebeba magodoro, mmoja amekumbatia televisheni.

"Volkano!" walipiga kelele. "Volkano imetoka Ihumbu! Moshi unafuka!"

Hamisi akanitazama. "Mama Kulwa, na sisi tunakwenda wapi?"

"Wanakotoka."

"Nilijua tu," akasema. Akapiga bismillahi, akawasha gari.

Kabla ya kufika tuliwakuta wachimbaji wamejazana kando ya barabara. Mwenye duara, Baba Sayi, nilimfahamu kutokana na ukaguzi wangu. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono kichwani. Alipoona gari la ofisi akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wote mmetoka?"

Akatazama chini.

"Baba Sayi, nimeuliza. Wote mmetoka?"

"Wawili wamebaki," akasema. "Masalu na Jumanne. Ardhi ilitikisika, tukaanza kuzungusha winchi tuwatoe. Mara moshi ukatoka mdomoni mwa duara. Mweupe, unanuka. Vijana wakaachia. Na mimi nikaachia."

Huo moshi sikuwa nimeuona bado. Nikamwambia Hamisi aendelee.

Ihumbu palikuwa hapana mtu. Sufuria zilikuwa mekoni, ugali umeachwa na mwiko ndani yake. Na kweli, kutoka kwenye duara la Baba Sayi ulikuwa unapanda moshi mweupe, mzito, unapinda kwa upepo. Niliuona nikiwa bado garini. Yote niliyoyajua yalisema hapana. Miguu yangu ilisema ndiyo, ilikuwa imewahi kufika Lengai.

Kando ya duara alilala mwanamke kifudifudi, kichwa chake kimening'inia shimoni. Alikuwa Mama Minza, anayewapikia wachimbaji, mke wa Masalu. Ndiye peke yake aliyebaki.

"Wananijibu!" akanipigia kelele bila hata kugeuka. "Wananijibu, mayu, mama yangu! Wanasema maji! Jumanne amebanwa na gogo mguuni, Masalu ameshamtoa, lakini maji yanapanda!"

Nikalala kando yake. Nikanyoosha kiganja kwenye ule moshi, nikingojea kuungua. Sikuungua. Ulikuwa vuguvugu, kama pumzi ya ng'ombe, wenye unyevu, unanuka tope la siku nyingi na baruti. Haukukaba koo. Nikachomoa uzi kwenye pindo la khanga ya Mama Minza, nikauning'iniza mdomoni mwa duara. Uzi ukasimama, ukaelekea juu.

Duara lilikuwa linapumua. Hewa yenye unyevu ya chini ilikuwa inatoka, inakutana na baridi ya asubuhi, inageuka ukungu, kama mtu anavyotoa moshi mdomoni wakati wa kipupwe. Lakini duara halipumui kwa nguvu vile mpaka lisukumwe. Nikageuka nyuma. Hatua chache kutoka pale kulikuwa na duara la zamani lililoachwa, limejaa maji ya mvua za miaka. Maji yalikuwa yameshuka. Ukuta ulikuwa na mkanda mbichi uliolowa, na nilipokuwa nikiutazama mkanda ule uliongezeka upana.

Hapo ndipo woga wangu ulipobadilika, ukawa mkubwa zaidi kwa sababu sasa ulikuwa na uhakika. Tetemeko lilikuwa limefungua njia kati ya maduara mawili. Maji ya lile yalikuwa yanahamia hili, yanasukuma hewa mbele yake, na kati ya maji na hewa walikuwa watu wawili.

Mimi, Hamisi na Mama Minza tukashika winchi. Kamba tuliiteremsha, kuipandisha na mtu ikatushinda. Winchi ile ilitaka wanaume wanne wenye mabega ya kazi hiyo. Nikamwacha Hamisi azungumze na walio chini, wasikate tamaa, nikaendesha gari mwenyewe kurudi barabarani.

"Si volkano," nikasema kabla sijashuka. "Ni ukungu. Maji yanaingia duarani yanasukuma hewa. Wako hai. Twendeni."

Hakuna aliyesogea.

"Na kutikisika kule?" akauliza Baba Sayi.

"Ni tetemeko. Mabamba ya dunia yanavutana. Yakikwama, halafu yakaachia ghafla, ardhi inatikisika, na mtikisiko unasafiri mbali. Nadhani limetoka magharibi, kwenye ufa. Volkano inazaliwa na mvutano huohuo, lakini inataka ganda la dunia liwe jembamba ili mwamba wa chini uyeyuke na upate njia. Chini yetu hapa ganda ni nene. Hakuna uji wa mwamba hapo chini ya duara lako."

Dereva mmoja wa bodaboda akanyoosha kidole kama yuko darasani. "Mama, na almasi za Shinyanga? Si ninyi wenyewe mlikuja shuleni kwetu mkatuambia zilitoka na volkano?"

Watu wakaguna. Nilitamani ardhi inimeze, ingawa siku ile lilikuwa ombi la kuogopesha.

"Zilitoka na volkano," nikasema, "kabla binadamu hajakanyaga hapa. Na volkano haivamii kama jambazi, mdogo wangu. Inapiga hodi. Ardhi inachoma nyayo, maji ya visima yanapata moto, mitikisiko midogo inarudiarudia siku nyingi. Kuna mtu hapa ameungua unyayo?"

Wakaangalia miguu yao. Wengi walikuwa peku, buti wameziacha walikokimbia. Hakuna aliyesema ameungua.

"Sema haiwezekani kabisa," akasema Baba Sayi. "Sema hivyo mbele ya watu hawa. Nina watoto, mama. Na hawa wana watoto."

Mwalimu wangu alinifundisha neno la kusema mahali kama pale, na lilikuwa neno sahihi. Lakini nililiona wazi jinsi litakavyofanya kazi: haielekei, nao watakaa palepale kando ya barabara, na maji yatapanda. Nikamtazama machoni.

"Hakuna volkano," nikasema. "Hakuna kabisa. Nami nitasimama karibu na mdomo wa duara kuliko yeyote kati yenu."

Baba Sayi akapiga ishara ya msalaba, akapanda nyuma ya gari. Wakamfuata watano. Wengine walibaki wakitutazama kama watu wanaosindikiza jeneza.

Tulipofika, sauti ya Masalu ilikuwa imebadilika. Maji yalikuwa kifuani. Alimfunga Jumanne kwanza, kwa sababu ya mguu, nasi tukaanza kuvuta. Gogo la winchi lililia. Jumanne alitokea mweupe kwa tope, mguu umening'inia vibaya, akiwa anarudia neno moja tu, "Masalu, Masalu." Tukamlaza kando, kamba ikarudi chini. Mama Minza alikuwa amelala palepale pake, akimwambia mumewe jinsi ya kufunga fundo, kana kwamba anamfundisha kufunga tai.

"Nimefunga!" ikaja sauti.

Tulikuwa tumemfikisha katikati ya duara ardhi ilipotikisika tena.

Huwa inatokea baada ya tetemeko kubwa, mwamba unajipanga. Nilijua hivyo. Nilijua pia kwamba nilikuwa nimewaapia watu. Matimba yakalia kama mlango wa kale, udongo ukaanza kuporomoka ndani, na ule ukungu ukatoka mzito ghafla ukatufunika wote. "Volkano!" akapiga kelele mmoja, akaachia mkono wa winchi, na wa pili akamfuata. Gogo likarudi nyuma kwa kishindo. Nikajitupa juu ya mkono wa winchi kwa kifua changu, nikasikia ubavu ukilia. Mama Minza alikuwa ameshika upande wa pili, meno nje.

"Vuta!" Baba Sayi alikuwa akilia machozi. "Hakuna volkano, mama amesema! Vuta!"

Tukavuta. Sijui ilichukua muda gani. Kichwa cha Masalu kilitokea, damu imemjaa sikio, mikono miwili imeng'ang'ania kamba hata tulipokwisha kumlaza kwenye nyasi. Ilibidi mkewe amfungue vidole kimoja kimoja. Alasiri ile ile duara lilititia, likameza matimba na winchi, pakabaki bwawa la tope lililokuwa likitoa mapovu.

Jumanne alipelekwa hospitali, akapona, anachechemea. Masalu hasikii sikio moja. Mimi ubavu ulikuwa umepata ufa, daktari akaniambia nipumzike. Hamisi aliniendesha hadi Geita, na tulipofika sikuweza kufungua mlango wa gari. Vidole vilikataa kujikunja. Alizunguka akanifungulia, akasubiri.

Kabla hatujaondoka Ihumbu, Mama Minza alinifuata. Alinikamata mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mayu, hayo mabamba, yataacha lini kusogea?"

Ningeweza kumpa faraja. Lakini siku ile nilikuwa nimekwisha kutumia neno moja kubwa kuliko haki yangu, sikuthubutu kutumia la pili.

"Hayataacha," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo hana budi kuilipa, akaenda kuokota sufuria zake.

Wiki kadhaa baadaye ubavu ulinipa ruhusa, nikarudi kazini. Nilipita Ihumbu kukagua. Kando ya lile bwawa, mahali ambapo mimi nisingechimba hata choo, walikuwa wamefungua duara jipya. Matimba yalikuwa bado yananuka utomvu. Masalu alikuwa amekaa kwenye kijiti cha kamba, taa kichwani, anangoja kuteremshwa. Nilimwendea upande wa sikio linalosikia. Nikamweleza juu ya maji yaliyoko ng'ambo ya ukuta, juu ya udongo uliolegea, juu ya mitikisiko inayoweza kuja bado. Nikamwambia nitalifunga duara lile kesho kwa amri ya ofisi. Alinisikiliza kwa adabu yote, akatabasamu.

"Usiogope, mama," akasema. "Si wewe uliyesema hakuna volkano?"

Akawaashiria wenzake. Winchi ikaanza kulia, nami nikasimama pale nikiitazama taa yake ikishuka, mpaka ikawa ndogo, mpaka nikawa siioni.